Wasomaji Wanauliza: Saadani kwa Gari, Kutoka Alfajiri Mpaka Magharibi

Barua za safari hii zinahusu Hifadhi ya Taifa Saadani, pale ambapo mbuga ya nyati na twiga inaishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,100, kati ya Bagamoyo na Pangani. Kwanza lilikuwa pori la akiba. Baadaye ikaongezwa iliyokuwa ranchi ya Mkwaja upande wa kaskazini, na msitu wa Zaraninge upande wa kusini. Maswali yanayofanana tumeyajibu kwa pamoja.

Tutafika Mandera usiku na tuna siku moja tu. Tunataka mbuga, mto Wami na ufukwe. Tuanzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Anzieni na maji ya bahari. Wageni wengi huipanga siku kwa kumfuata simba, kisha wanafika mtoni saa ambayo boti haipiti, na ufukweni saa ambayo bahari imekimbia mamia ya hatua na kuacha tope. Simba hana saa ya kuahidi. Maji yanayo.

Hesabu wanayoitumia wavuvi inawatosha. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndipo panapokuwa na bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na katika mwambao wetu maji ya bamvua hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Mfano: siku tatu baada ya mwezi mwandamo, maji yatajaa karibu saa 12:30 jioni, na yatakuwa yamepwa kama saa 6 na robo mchana. Baada ya siku saba mnaingia maji mafu: sasa yanajaa karibu saa 4 asubuhi na kupwa karibu saa 10 alasiri, tena tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Hesabu hii hukosea nusu saa, pengine zaidi. Jedwali la maji la bandari ni sahihi kuliko vidole, na ndani ya mto maji huchelewa kidogo kuliko baharini.

Boti kwenye mdomo wa Wami inataka maji yanayopanda. Yakiwa yamepwa, mafungu ya mchanga huinuka na boti hukwama. Yakiwa yamejaa kabisa, kingo za tope zimefunikwa, na mamba mliowafuata hawana pa kuota jua. Kwa hiyo pandeni katikati ya kujaa: boti inapita, na kingo bado ziko wazi.

Siku ya bamvua, basi, muwe langoni Mvave saa 12 asubuhi. Kutoka Mandera hadi kijiji cha Saadani ni kama kilomita 60, na kwa barabara ya vumbi msijipe chini ya saa moja na nusu. Mpaka saa 3 na nusu zungukeni mbuga za wazi: kuro, tohe, kongoni, ngiri na twiga wako nje kabla jua halijawa kali, na simba asubuhi yenye umande hupenda kulala barabarani kwa sababu majani yamelowa. Kisha teremkeni kijijini. Maji yakiwa yamepwa, ndege wa ufukweni wako kazini kwenye tope, na kwenye mabwawa ya chumvi mara nyingi huwa na heroe (flamingo). Kuleni, pumzikeni. Saa 7 mchana elekeeni mtoni, mkitoa saa nzima ya njiani, ili saa 8 muwe ndani ya boti. Safari ya mtoni huchukua kama saa mbili. Ikifika saa 10 na robo geuzeni gari kwenda langoni hata kama kiboko amefungua kinywa mbele yenu, maana kuendesha usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi.

Siku ya maji mafu pindueni mpango wote: mto kwanza, saa 1 na nusu hadi saa 3 na nusu asubuhi, kijiji saa ya chakula, na mbuga kuanzia saa 9 alasiri. Boti wekeni nafasi siku moja kabla.

Mafuta: ndani ya hifadhi hakuna kituo. Kwenda na kurudi Mandera ni kilomita 120, mizunguko ya ndani tuseme 80, jumla 200. Gari kubwa likienda polepole kwa magurudumu yote manne linakula lita moja kwa kilomita tano au sita, yaani lita 35 hadi 40. Ongezeni nusu yake. Lita 60 ziwe kwenye tangi mnapoiacha lami. Maji ya kunywa ni lita 5 kwa kila mtu, na lita 10 nyingine ni za gari, zisiguswe.

Nikifika na fedha taslimu langoni nitakataliwa? (Msomaji, Chalinze)

Malipo hufanyika kwa namba ya malipo, kupitia simu au benki, au kwa kadi. Salio liwe kwenye simu kabla hujaondoka lami, kwa sababu mtandao njiani huja na kupotea. Chukua kitambulisho: raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, na bila kitambulisho huwezi kukidai. Soma muda ulioandikwa kwenye kibali chako. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Shikamoo mhariri. Mwezi wa 4 tuliingia na gari la magurudumu manne, tairi mpya kabisa. Mvua ilinyesha kama nusu saa, tukazama mpaka kwenye difu na kuvutwa na trekta jioni. Dereva anasema gari ni bovu. Tulikosea nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Gari si bovu. Mlikosea mwezi, kisha mkakosea pale mlipoendelea kukanyaga mafuta.

Sehemu kubwa ya mbuga za Saadani ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza kiganja na unakuwa mgumu kama saruji. Ukipata maji huvimba, nyufa hujifunga, na sentimita chache za juu zinageuka gundi. Gundi hiyo hujaza mifereji ya tairi kwa mzunguko mmoja au miwili tu, na tangu hapo tairi yako mpya ni sawa na kipara. Ndiyo maana nguvu ya injini haisaidii: magurudumu yote manne yanazunguka, na kila mzunguko unachimba. Nusu saa ya mvua inatosha kabisa. Masika ya Machi hadi Mei barabara nyingi za ndani hazipitiki, na mvua za vuli, kuanzia Oktoba au Novemba, huzifunga kwa siku kadhaa kwa wakati. Kwa safari ya siku moja chagueni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari.

Kipimo kifanyeni palepale langoni, ambako kushuka kunaruhusiwa. Kanyaga udongo mweusi, inua mguu. Ukiondoka na donge lililong'ang'ania kiatu, barabara haijawa tayari. Subirini jua, au bakini kwenye barabara kuu ya changarawe. Muulizeni askari wa langoni njia ipi imepitwa leo. Jana si jibu.

Mkilazimika kuvuka kipande kilicholowa, ingizeni giya nzito kabla ya kuingia, namba mbili, mwendo mmoja bila kubadilisha wala kufunga breki. Usukani usipindwe ghafla. Gari likianza kupoteza mwendo na magurudumu kuzunguka bure, ondoa mguu mara moja. Hapo ndipo safari nyingi huharibika: gari lililozama sentimita 15 linatoka kwa kazi ya robo saa, na lililozama mpaka difu linangoja trekta.

Kabla ya kufungua mlango, kaeni dakika tano mkitazama pande zote. Pigeni simu langoni. Namba yao ichukueni wakati wa kuingia, na njia mnayokwenda muiache kwao. Mtu mmoja abaki juu akilinda, na kazi yake iwe hiyo tu. Chimbeni nyuma ya magurudumu, kwa sababu njia ya kutokea ni ile mliyoingilia, ambayo tairi zimeshaishindilia. Kwangueni tope kwenye mifereji ya tairi. Chini yake tandikeni mbao mbili za mita moja au magunia manne. Msikate matawi, ni hifadhi, na isitoshe mengi yana miiba. Jeki ikae juu ya kipande cha ubao cha sentimita 40 kwa 40, bila hivyo inazama yenyewe na gari linabaki pale pale.

Kamba ya kuvutia iwe ya mita 9 au 10, ifungwe kwenye ndoano ya chesesi. Kamwe isifungwe kwenye bampa wala kwenye mpira wa kukokotea tela. Mpira huo ukikatika chini ya mvuto unaruka kama risasi, na umewahi kuua watu nchi nyingi. Juu ya kamba tupieni gunia zito katikati, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Kuna mtego mwingine ambao hautaki mvua: uwanda mweupe nyuma ya mikoko. Juu ni ganda kavu la chumvi lenye sura ya kiwanja cha ndege, chini ni tope laini linaloloweshwa na kila bamvua. Ganda linambeba mtu. Gari halibebi. Na kutoka nje ya njia ni kosa kisheria hata pasipokuwa na tope.

Hamjambo ndugu zetu. Sisi tunatoka Mombasa kupitia Horohoro. Twaweza kuingia Saadani na kurudi Tanga siku hiyo hiyo? Na mchanga wa huko wataka nini? (Msomaji, Mombasa)

Hatujambo. Kurudi Tanga siku hiyo hiyo kutawamalizia saa zote za mwanga. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, na Pangani hadi kijiji cha Saadani ni nyingine 75 hivi, kupitia Mkwaja. Laleni Pangani au Ushongo, muondoke gizani na kuwa lango la kaskazini saa 12. Barabara ya mwambao kutoka Tanga hadi Bagamoyo imekuwa ikijengwa upya kwa lami, kwa hiyo ulizeni Pangani yenyewe hali ya njia na ya kuvuka mto kabla ya kulala.

Mchanga ni kinyume cha tope: hapa upepo wa tairi ndio kila kitu. Tairi la PSI 35 linakata mchanga kama kisu. Lishusheni hadi 18 au 20, nalo litalala na kukanyaga kwa upana. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na msikate kona kali, maana tairi lenye upepo mdogo huvuka ukingo wa ringi. Mkifika changarawe ngumu rudisheni upepo. Pampu ndogo ya betri huchukua dakika 5 hadi 8 kwa kila tairi, injini ikiwaka ili betri isife. Wavivu wa kurudisha upepo ndio wanaopasua tairi ubavuni njiani kurudi.

Upande wa Mkwaja chukueni tairi mbili za akiba. Ranchi ya kampuni ya mkonge ya Amboni ilifuga ng'ombe hapo tangu miaka ya 1950 hadi 2000, na katika malisho hayo mgunga aina ya *Acacia zanzibarica* ulienea sana. Miiba yake ni mirefu na migumu, na matawi makavu huanguka njiani. Tairi zenye matabaka mengi ubavuni zinastahimili. Za gari la mjini hazitastahimili.

Katikati ya mbuga tulisikia harufu ya kuungua, na mshale wa joto ukapanda. Maji ya rejeta yalikuwa kamili. (Msomaji, Kibaha)

Ni mambo mawili, na chanzo chake ni kimoja: nyasi ndefu katikati ya njia.

Mshale ulipanda kwa sababu mbegu za nyasi zimeziba matundu ya rejeta. Maji yapo, lakini hewa haipiti. Kabla ya safari fungeni wavu wa dirishani mbele ya rejeta, na kila mnapofika mahali pa kushuka ufuteni kwa mkono. Mbegu zilizokwisha kuingia zitoeni kwa brashi laini na maji yakimiminwa kutoka upande wa injini kwenda nje, yaani kinyume cha njia zilizoingilia. Msitumie maji ya nguvu, yanalaza mapezi ya rejeta na kuziba zaidi. Kifuniko kisiguswe mpaka injini ipoe, dakika 30 hadi 40.

Harufu ndiyo ya kuogopa zaidi. Nyasi kavu hujikusanya juu ya ekzosi, juu ya kinga ya giyaboksi na kuzunguka propela, zikapata moto, na gari likaungua lote huku dereva akidhani ni breki. Kwenye nyasi ndefu kagueni chini kila kilomita 20 hadi 30, mkizipanga zikutane na kijiji au sehemu za mapumziko. Waya mrefu wenye ndoano unatosha kuzivuta. Mkiona moshi, simameni kwenye udongo mtupu, si juu ya majani. Mtungi wa kuzimia moto wa unga, kilo 2, ukae mahali dereva anapoufikia akiwa kitini. Chini ya mizigo haufai kitu. Dizeli za kisasa zenye kichujio cha moshi zinahitaji uangalifu zaidi: zikianza kujichomea masizi, ekzosi inakuwa ya moto sana hata gari likiwa limesimama.

Mbung'o walitutoa damu. Dawa ya kujipaka haikusaidia. Kuna njia? (Msomaji, Korogwe)

Dawa nyingi za mbu hazimzuii vizuri mbung'o, kwa kuwa yeye huwinda zaidi kwa macho. Hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na gari lenu ndilo hilo. Rangi zinazomvuta ni buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mkiiona imetundikwa msiiguse, imetiwa dawa. Vaeni kaki au kijani cha majani makavu, kitambaa kizito, kwa sababu nyembamba anaitoboa. Kwenye vichaka fungeni vioo, kwenye mbuga ya wazi fungueni. Walioingia waueni kabla ya kuendelea, maana dereva anayejipiga shingoni ndiye anayeliingiza gari mtaroni.

Huyu mdudu ameiandika historia ya Saadani. Mwaka 1877 wamisionari wa London walijaribu kutoka hapa kwenda bara kwa mikokoteni ya maksai, na wanyama wakafa njiani. Ranchi ya Mkwaja nayo iliishi kwa kuwapa ng'ombe dawa ya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, mfululizo. Kwa binadamu, mbung'o anaweza kubeba malale. Homa ikiwapata ndani ya wiki tatu za safari, au sehemu aliyouma ikavimba na kuwa kidonda, mwambieni daktari mlikuwa hifadhini na mliumwa na mbung'o. Apime malaria, lakini asiishie hapo.

Tembo akiziba njia nipige honi? (Msomaji, Muheza)

Usipige, na usingurumishe injini. Tembo wa Saadani ni wenye hofu, na mwenye hofu hukasirika mapema. Simama mbali, mita 50 au zaidi, ukiwa umeacha nafasi ya kurudi nyuma. Akitanua masikio, akatikisa kichwa na kurusha vumbi, anakuonya; rudi nyuma polepole. Akibana masikio, akakunja mkonga kifuani na kuja kimya, hilo si onyo tena, ondoka. Kabla ya kusogea tafuta mtoto yuko wapi: usiingize gari kati yake na mama. Na ikiwa nyuma yako kuna maji, huenda wewe ndiye uliyeziba njia. Sogea kando, atapita.

Tunaweza kuona kasa wakitaga kwenye ufukwe wa Madete? (Msomaji, Tanga)

Kwa safari ya mchana, hapana. Kasa uziwa hupanda ufukweni usiku, na kumwona kunataka kulala hapo na kuongozwa na watu wa hifadhi. Mayai, mara nyingi mia moja au zaidi kwa shimo, hukaa mchangani siku 50 hadi 60. Mnachoweza kufanya mchana ni kutoliingiza gari ufukweni. Alama ya tairi ni mfereji ambao kitoto cha kasa kinashindwa kuupanda; kitaufuata kikizunguka mpaka kaa au ndege amkute. Wanaolala pale wazime taa zinazotazama bahari, kwa sababu vitoto hufuata mwanga na kupotea.

Baada ya Saadani breki zinalia na nati zimeota kutu. (Msomaji, Bagamoyo)

Ni chumvi, ya upepo wa bahari na ya tope la karibu na mabwawa. Osha siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo na chumvi, nusu saa nzima chini ya gari: ndani ya madebe ya magurudumu, chesesi, springi, nyuma ya kinga ya injini. Tope la mfinyanzi ukiliacha likauke linashika chumvi ndani kwa miezi. Endesha dakika kumi ukigusa breki ili zikauke, paka grisi kwenye krosi za propela na kwenye nati za betri, badilisha au pulizia ea klina. Kesho yake kaza nati za magurudumu tena.